Usiseme Unaenda Makutano

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ambayo nyanya yangu alinikamata nikichagua mbegu ovyo. Tulikuwa tumeketi uani, ungo mmoja katikati yetu, mvua za Machi zikiwa karibu. Kwetu huku mlimani, juu ya Kianjokoma, maharagwe ya kupanda hayachotwi tu kutoka guniani. Unaketi, unayatazama moja moja, yaliyotobolewa na wadudu unayaweka kando ya kupika, yaliyo mazima yanaingia kibuyuni pamoja na jivu. Ni kazi ya subira, na yangu siku hiyo ilikuwa imeshafunga mizigo.

Nilikuwa natia mazima na mabovu pamoja. Nyanya akauvuta ungo upande wake.

"Rwamba," akaniambia, "mvua hii itanyesha ukiwa wapi?"

Rwamba lilikuwa jina lake pia. Mimi ni binti wa kwanza wa mwanawe, na kwa desturi yetu nilipewa jina hilo siku niliyozaliwa. Mtu akiita langoni tuliitika sote wawili, yeye akiwa wa kwanza kwa sababu alipenda wageni kuliko mimi. Basi swali lake lilinishika pabaya. Kumdanganya mtu mwenye jina lako si kazi rahisi, hata kama umejizoeza.

Na nilikuwa nimejizoeza. Miaka hiyo hali ilikuwa mbaya. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hadi watu wakapanda mahindi katikati ya mibuni, wakingoja malipo yasiyokuja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, cheti ninacho, lakini serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Asubuhi nilichuma majani chai, jioni nilikisoma tena cheti changu kana kwamba kitabadilika. Ndipo msichana tuliyesoma naye akanitumia habari kwamba kuna shule ya kibinafsi huko Botswana inayotaka walimu. Nikaomba, nikakubaliwa. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Baba alinionya siku hiyo hiyo. "Watu wana macho," alisema. "Wakijua, safari hii haifiki popote." Tukakubaliana kwamba tutakaojua ni yeye, mama na mimi. Wengine wote, hata nyanya, wangeambiwa ninaenda Makutano, kule Meru, kumsaidia shangazi dukani. Nikishafika ng'ambo na kupata mshahara wa kwanza, ndipo ukweli usemwe.

Usinicheke, mwanangu. Pasipoti yako iko chini ya godoro sasa hivi, na mama yako, mdogo wangu, amefundishwa kusema uko Nairobi kwa semina. Ninyi wa leo mmetuzidi. Sisi tulificha kwa aibu kidogo, lakini ninyi tunawaona kwenye simu mkiwa mmeshaketi uwanja wa ndege na koti la baridi, na maneno ya kuwakejeli maadui. Maadui gani? Jirani yako ana kikohozi na ng'ombe wawili. Ana shida za kutosha.

Basi nikamwambia nyanya ukweli wote. Nilidhani atalia. Badala yake alikasirika, na nyanya yangu akikasirika alikuwa anaongea polepole.

"Umeiba nini hapa, hata utoke kwa kunyata?"

"Cucu," nikamwita nyanya kwa lugha yetu, "ni kwa sababu ya macho ya watu."

"Macho ya watu. Na ukiugua huko, ni macho ya nani yatakayokutafuta?"

Akaendelea kuniambia kwamba mtu akimuuliza habari zangu, yeye atasema niko Makutano, na mimi nikianguka kule mbali, watu wote wa ukoo wetu watapanda gari kwenda kunitafuta Meru. Akasema jina nililobeba si langu peke yangu, na hataki lizunguke duniani likijificha. Kisha akasimama, akajifunga leso na kuniamuru nimfuate.

Unajua alinipeleka wapi kwanza? Kwa Mama Nyaga. Huyu ndiye mama ambaye baba alimwogopa kuliko wote, kwa sababu walikuwa wamegombana miaka na miaka juu ya mtaro wa maji mpakani. Kama kuna jicho la kuharibu safari, nilijua ni lake. Tulimkuta akikama. Nyanya akasema bila kuzunguka, "Mtoto anaenda Botswana kufundisha. Nimemleta akuage."

Mama Nyaga akaacha kukama. Hakunipongeza wala hakununa. Aliniuliza maswali kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hiyo shule inaitwaje?" Nikamtajia.

"Iko mji gani?" Nikamtajia.

"Na ukishuka kwa ndege, nani anakuja kukuchukua?"

Mwanangu, nilisimama pale na elimu yangu yote, na sikujua. Nilikuwa nimeshughulika sana kuficha safari hata sikuwa nimemuuliza mtu yeyote chochote juu yake. Ningemuuliza nani, na ilikuwa siri?

"Kwani wewe unaenda namna hiyo tu?" Mama Nyaga akasema. "Ndugu yangu Ireri si anafundisha huko huko! Wacha nimpigie. Nyinyi mngeniambia mapema, kwani nauma?"

Tulizunguka nyumba nyingi siku ile. Sitakudanganya kwamba wote walifurahi. Yuko mzee mmoja aliyeniambia nitarudi mikono mitupu, akacheka peke yake. Wapo walioanza papo hapo kuniagiza viatu. Lakini hakuna aliyeniroga, na ndege ilipaa.

Baba alipojua, alipandisha sauti. "Mama, umeharibu safari ya mtoto!"

Nyanya akamjibu akiwa ameinama kwenye jiko lake. "Kama salamu za majirani zinaweza kuivunja, mtoto angepanda vipi ndege na kitu dhaifu hivyo?"



Siku ya kuondoka, nyanya alinikalisha tena mbele ya ungo na kunifanya nichague mbegu upya, safari hii vizuri, ingawa sote tulijua sitazipanda. Kisha akaniombea. Alikuwa mtu wa kanisa, na maombi yake yalikuwa marefu. Alipomaliza, akafungua kidogo nguo yangu kifuani na kunitemea mate, unyevu tu, kama wazee wetu walivyobariki tangu zamani. Mhubiri wetu hakuipenda desturi hiyo. Nyanya alisema Mungu anaielewa.

Ireri alikuja kunipokea akiwa na mkewe na mwavuli mkubwa usiohitajika. Niliitazama nchi ile tambarare, isiyo na mlima popote, nikaona nitapotea hata nikiwa nimesimama. Nilifundisha kwa furaha mihula miwili. Wa tatu tulifika tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo na mwenye shule hapatikani. Wenzangu wengine, waliotoka makwao kimya kimya kama nilivyotaka mimi, walikaa juu ya masanduku yao pale nje wakitazamana. Mimi nilikuwa na mlango wa kubisha. Watoto wa Ireri walinipisha chumba chao hadi nikapata shule nyingine, na ile ya pili ndiyo niliyodumu nayo.

Lakini hicho sicho kinachonifanya nikuketishe leo.

Nilikuwa bado huko nyanya alipofariki. Hati zangu za kukaa zilikuwa zinafanywa upya, na ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi. Sikuweza kumzika. Nililia, mwanangu, nililia mbele ya darasa la watoto wadogo wakaogopa. Baadaye mama alinisimulia kwamba kaburini, baada ya wajukuu kutupa udongo, Mama Nyaga alijipenyeza mbele, mama wa ule ule mtaro, akachota konzi nzima ya udongo na kusema kwa sauti, "Huu ni wa Rwamba mdogo. Aliniaga." Baba ndiye aliyemshika mkono kumrudisha nyuma asiteleze.

Fikiria kama ningefuata mpango wetu. Neno la mwisho ambalo nyanya yangu angesikia kutoka kinywani mwangu lingekuwa ni kwamba naenda Makutano kuuza dukani kwa shangazi. Ningeishi na hilo vipi? Badala yake neno langu la mwisho kwake lilikuwa "Ubaki salama, Cucu," naye akanijibu, "Nenda, Rwamba, nami nimeenda." Nimelala usingizi mzuri kwa maneno hayo miaka yote.

Kwa hiyo sikuzuii. Kazi hakuna, naona, na wewe una mikono miwili na akili. Nenda Ghuba, nenda Ujerumani, nenda kokote wanakohitaji watu. Sisi tulikwenda na tukarudi na nguvu zetu, na nyumba hii unayonywea chai ilijengwa na safari ile. Ila usitoke kwa kunyata. Mwambie nyanya yako ukweli. Mwambie jirani, hata yule mnayegombana, kwa maana atakuuliza swali ambalo wanaokupenda wanaogopa kukuuliza. Kama huwezi kumtajia mtu jina la atakayekupokea, bado hujawa tayari kuondoka. Pasipoti itoe chini ya godoro, uiweke mezani, na nakala umwachie mama yako. Na kabla hujaenda, kaa chini umsaidie kuchagua mbegu za msimu utakaoukosa.

Sasa sogea hapa. Fungua kidogo nguo ya kifuani, usiogope, ni unyevu tu. Mungu wa Rwamba mkubwa na Rwamba mdogo akutangulie. Ukishuka, uso unaokujua uwe pale. Ukifungiwa lango moja, pawe na mlango wa kubisha. Na siku tutakapokuita kutoka huku mlimani, popote utakapokuwa, uitike kwa jina lako.

Nenda, mwanangu, nami nimeenda.