Mbung'o wa Shangazi

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mke, na cheti cha kidato cha nne nilichokisotea kwa masomo ya jioni pale Ipuli, mjini ninakoishi, na bado niliamini kwa moyo wote kwamba shangazi yangu anafuga mbung'o. Si hawa wadogo wa kawaida. Hawa ni wa Mungu. Wa shangazi ni wale wakubwa, weusi wa tumbo, ambao mmoja akitua kwenye usukani wa baiskeli unaona kabisa baiskeli inaelemea upande ule.

Kijijini kwetu, mbele kidogo ya Usoke, mtoto aliijua habari hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Babu wa babu yetu alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba nguo na shanga, akapita Ujiji, akavuka ziwa, akaingia kwenye msitu wa Congo ambako mvua hainyamazi, akarudi na jino la ndovu begani. Basi ndani ya tundu la jino lile, walisema, alikuwa amefungia mbung'o wa msituni, wakubwa kama vifaranga, akaziba kwa nta. Alipofika nyumbani akazibua. Wakazaana, wakarithiwa kama watu wanavyorithi shamba, hadi wakamfikia shangazi.

Usicheke. Ushahidi tuliuona kwa macho. Shangazi akitoka kwenda kwenye karanga zake, mbung'o walimfuata kama wapambe wa bibi harusi. Alivaa kaniki siku zote, ile nguo nyeusi ya zamani ambayo kwetu mama aliyeachiwa matambiko ya ukoo haivui. Mimi nilikuwa pembeni yake na shati langu jeupe la kwendea mjini, na mbung'o hawakunigusa. Nikajua wananitambua. Wenzangu walijisifia ng'ombe wa baba zao. Mimi nilijisifia mbung'o wa shangazi yangu, na hakuna aliyewahi kunishinda, maana nani atakuja kuwahesabu?

Mambo yakaharibika mwaka alipohamia mfugaji mmoja kutoka Igunga. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua kali. Alijenga zizi kando ya kijito, upande wa pili wa kichaka kinachopakana na nyumba ya shangazi. Haukupita muda, maksai wake wa kulimia wakaanza kukonda, manyoya yakasimama, macho yakawa yanatoa machozi kama wamefiwa. Baadhi wakafa, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa amekaa karibu nao. Alipouliza kijijini kulikoni, akasimuliwa habari ya jino la ndovu.

Nikapigiwa simu mjini: njoo, shangazi yako ameitwa kwenye mkutano, wanataka ahame kabla ya mvua. Nilipanda treni na cheti changu mfukoni. Cheti kilikuwa cha nini sijui, lakini nilikuwa nacho.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji, mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku. Mwenyekiti alimwamkia shangazi vizuri, shikamoo, marahaba.

"Shangazi, hatukufukuzi. Tunakuomba tu uwapishe watu."

"Kupisha watu ni mlangoni, baba. Pale ni kwangu. Baba yangu amelala nyuma ya nyumba ile. Nihame niende wapi?"

"Mjini, kwa mwanao huyu."

"Huyu?" Shangazi alinitazama kuanzia viatu hadi ndevu. "Huyu ana chumba kimoja na baiskeli inalala ndani. Nitalala juu ya baiskeli?"

Watu wakacheka. Mfugaji hakucheka. Akasimama, akavua kofia yake.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nitalima na nini? Na wanangu hawa nitawafunga kwenye jembe?"

Hapo mimi msomi nikaona zamu yangu imefika. Nikainuka, nikakohoa kama wakili wa Mahakama Kuu.

"Ndugu wananchi! Hata kama mbung'o ni wa shangazi, na ni kweli ni wake..."

Shangazi akanikanyaga mguu.

"...ni sheria ipi ya nchi hii inayomkataza mtu kufuga mdudu? Nyinyi nyuki hamfugi? Pori zima limejaa mizinga yenu!"

"Nyuki anatoa asali!" akadakia kijana mmoja. "Mbung'o anatoa nini?"

"Anatoa usingizi!" akajibu mwingine, na mkutano mzima ukaangua kicheko, na utetezi wangu ukafia hapo.

Shangazi akasimama. Ni mwanamke mfupi, lakini siku ile, naapa, kivuli chake kililifunika bani lote. Akafungua kaniki yake ya juu, akabaki na khanga, akamwomba mwenyekiti kisu. Akaichana kaniki vipande vitatu, kraa, kraa, huku akina mama wakishika vinywa. Kaniki ya matambiko haichanwi. Kwetu ni heri uchane noti.

"Kipande hiki ni changu. Hiki cha mwenyekiti. Hiki cha huyu baba wa watu. Vipakeni urimbo, ule wanaonasia ndege. Mtundike hapa banini, na pale zizini, na mimi nitatundika mlangoni kwangu. Vikae mpaka kesho jioni. Wakubwa wakinasa kwangu peke yangu, nafunga virago mwenyewe, msinisindikize. Wakinasa na kwenu, asije tena mtu kuniambia nihame. Mmenisikia?"

Wakakubali. Mwenyekiti alikipokea kipande chake kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Basi wewe fikiria hali yangu. Kila mtu pale alikuwa na wasiwasi kidogo. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa gunia zima, kwa sababu niliamini! Nilijua mbung'o ni wake na watamjia yeye tu, kama kuku wanavyomjia mwenye mahindi. Kesho yake asubuhi, shangazi akichambua karanga bila habari, nilikwenda peke yangu kichakani nikawahutubia. Niliwaambia, nendeni kwa mwenyekiti. Mna mabawa, mna akili, mlitoka Congo, mtashindwa kufika banini? Mmoja akaniuma shingoni. Nikachukulia kuwa amekubali.

"Umekwenda kuongea na nani huko?" shangazi aliniuliza niliporudi.

"Na ndugu zetu."

"Pumbavu," akasema, na akaendelea na karanga.

Jioni vile vipande vikaletwa uwanjani na kutandikwa juu ya mkeka. Cha shangazi kilikuwa na mbung'o, wakubwa na wadogo. Cha mwenyekiti kilikuwa nao pia, wakubwa na wadogo. Cha zizini, jamani, kaniki yenyewe ilikuwa haionekani. Ungedhani kimefumwa kwa mbung'o. Nikaruka juu. Wamenisikia!

Lakini mtu akishaamini, kumtoa ni kazi. Na hilo nalijua kuliko wote. Kijana yule yule wa nyuki akasema, "Amewatuma! Hawa wadogo ni wa hapa, lakini hawa wakubwa kawatuma yeye!" Minong'ono ikaanza upya. Mfugaji akamtazama shangazi, kisha akatazama kule zizini kwa maksai wake waliobaki, asijue ashike lipi.

"Mimi niliwaambia mtundike wapi na lini, na mkakubali," shangazi alisema, akakaa juu ya mkeka palepale, kando ya vitambaa. "Sasa sitoki. Nibebeni."

Hakuna aliyemsogelea. Na ndivyo bwana mifugo wa kata alivyotukuta alipofika na pikipiki yake, maana alikuwa ameitwa kuwaona maksai. Akauliza kuna nini. Wote tukamjibu kwa pamoja, jino la ndovu, kaniki, Congo. Akachuchumaa, akabandua mbung'o kadhaa kwenye urimbo kwa ncha ya kalamu, akawapindua mmoja mmoja. Kisha akamgeukia mfugaji, akamwambia zizi amelijenga ndani ya makazi ya mbung'o, kwenye kichaka ambako ngiri wanashinda. Alihamishe, akate vichaka, na waliobaki atawachoma sindano leo hii. Akatuambia pia kwamba mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na ya bluu, na kwamba hata mitego ya serikali ni vitambaa vya rangi hizo. Watu wakazitazama nguo zao.

Mfugaji akavaa kofia, akamwendea shangazi, akampa mkono kumwinua. Zizi lilihama. Shangazi yuko palepale hadi leo, ana kaniki mpya, nyeusi zaidi ya ile ya kwanza, na ukimshauri avae kitenge cheupe ili wasimfuate atakuuliza wewe ni nani.

Mimi nilibaki na bwana mifugo akifunga mkoba wake. Sikuweza kuvumilia. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, msomi kwa msomi: basi sawa, si wa shangazi, lakini hawa wakubwa, si ndio wale wa msitu wa Congo?

Akanitazama, akaona sitanii.

"Wa msitu wa mvua ni aina nyingine," akasema. "Wanataka kivuli cha mwaka mzima, kwenye miti yetu hii inayopukutika kiangazi hawakai. Hawa wote ni wa hapahapa, aina moja. Mweusi wa tumbo ameshiba damu. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume."