Msiba wa Lidia na majirani waliokataa kuondoka

Saa moja asubuhi umande bado unalowesha miguu, na mteremko mzima juu ya kijiji cha Kingerikiti, mkoani Ruvuma, unalia majembe. Jana wanaume walifyeka majani na kuyalaza miraba miraba. Leo ni zamu ya wanawake: kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, mpaka mlima ubaki na mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Ndiyo ngolo, kilimo cha Wamatengo, kinachozuia mvua isiubebe mlima bondeni.

Kati yao yupo mmoja mweupe, kanga kiunoni, ameachwa nyuma mashimo mawili.

"Mwanangu, hiyo ni ngolo au kisima?" anatania Mama Beata.

"Kisima, mama. Mtakuja kuchota kwangu," anajibu Lidia. Wanawake wanaangua kicheko.

Lidia, 43, ni fundi cherehani kutoka Poland. Alikuja miaka minne iliyopita na mumewe Victor, seremala, wote wamisionari walei wa Kanisa Katoliki. Yeye hufundisha wasichana ushonaji parokiani, Victor hufundisha useremala, na wawili hao huishi kwa posho ya shilingi laki sita kwa mwezi.

Walijiandaa kwa malaria, kwa Kiswahili na kwa ugali. "Msiba hakuna aliyetufundisha," anasema Lidia.

Mwanzoni watu walimwita Sista, na watoto wakashangaa Sista gani huyu ana mume. Hilo lilikuwa la kucheka. Lililofuata halikuwa.

Mwaka wa pili mume wa Mama Beata, jirani yake, alifariki. Lidia alifika, akamkumbatia mjane, akaacha mchele na sukari, akaondoka baada ya nusu saa. Hakurudi kwa siku tisa.

"Kwetu mfiwa anaachwa apumue," anaeleza. "Niliona nikikaa nitamsumbua. Nilijiona nina adabu."

Mama Beata, 58, anaikumbuka vizuri nusu saa hiyo. "Nikasema, huyu ametumwagia mchele kama anayelisha kuku, akaenda zake. Hatupendi."

Akamtoa binti yake kwenye darasa la ushonaji, na wengine wakafuata. Wanafunzi kumi na wanane wakabaki watano. Lidia akienda shambani kusaidia, aliletewa kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye mwaka mzima na zaidi alipewa kiti, na kiti hicho kilimuuma kuliko tusi. Mwishowe akaliandikia shirika lake barua akiomba arudishwe kwao.

Barua ilikuwa haijajibiwa, Oktoba mwaka jana, simu ilipoita asubuhi. Mama yake, Helena, mkulima wa viazi, amefariki, anazikwa keshokutwa. Pasipoti ya Lidia ilikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya kibali cha kuishi, hivyo hakukuwa na namna ya kuwahi. Akajifungia chumbani.

Jioni hodi ikapigwa. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mama Beata, mkeka kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake zaidi ya thelathini, na kuni, na unga, na maharage, na masufuria.

Victor akaeleza kwa upole kwamba mke wake anataka kuwa peke yake.

"Ndiyo maana tumekuja," Mama Beata akamjibu, akapita.

Wakaondoa meza, wakatandika mikeka, wakaketi. Wanaume wakakoka moto uani, Victor akakalishwa katikati yao. Lidia anakiri kuwa saa ile alitamani wote waondoke.

Kisha Mama Beata akaanza kuuliza. Mama aliitwa nani? Alilima nini? Alipenda wimbo gani? Kwa kila jibu kilio kikapanda upya, machozi ya kweli, wakimlilia kwa jina mwanamke ambaye hawajamwona hata kwenye picha. Siku tatu walilala sakafuni. Walimpikia, wakamwogesha kama mzazi aliyetoka kujifungua.

"Nilidhani mimi ndiye nimewaletea Injili," anasema Lidia. "Asubuhi ya pili niliamka nikamkuta Mama Beata amelala miguuni pangu. Yule yule niliyemwacha. Niliogopa, kama mtu anavyoogopa mbele ya Ekaristi."

Kwa nini alikwenda, na kinyongo alikuwa nacho? Mama Beata anamshangaa mwandishi. "Kinyongo kilikuwepo. Lakini amefiwa."

Matanga yalipoanuliwa, akamwambia Lidia: "Jumatatu uje na jembe." Lidia akaomba ile barua yake ichanwe.

Jua limepanda sasa, wanawake wamekaa wanakula mihogo. Mama Beata anauliza swali alilokaa nalo muda mrefu.

"Na baba yako, siku zile, nani alilala kwake?"

Lidia anatikisa kichwa. Hakuna. Majirani walimpelekea maua, wakamwacha apumue. Ana miaka 79, na mpaka leo anaishi peke yake.

Mihogo inawekwa chini. Mwanamke mmoja anajifuta macho kwa kanga.

Julai, maharage yakishavunwa, Lidia atakwenda kwao kwa likizo yake ya kwanza. Anataka kutandika godoro sebuleni kwa baba yake, alale hapo mwezi mzima, amuulize habari za mama mpaka mzee alie. Linalomtisha ni moja tu.

"Baba ni mtu wa kujifungia," anasema. "Akisema hataki?"

Mama Beata ameshainuka, anashika jembe.

"Kwani wewe ulitaka?"