Mstari wa Leonadi

Flavia wa Kanyenye hana maringo, lakini ukimwita fundi wa kompyuta atakusahihisha: yeye ni fundi wa Leonadi. Alifundishwa na Leonadi Ntakirutimana, mzee wa Ulyankulu aliyehamia Mtendeni akafungua kibanda cha redio. Watu walipokuwa bado wanauliza intaneti ni mnyama gani, yeye alishaanza kufungua kompyuta kwa bisibisi ile ile ya redio. Miaka tisa walikaa benchi moja, wakala mihogo sahani moja, wakagombana na kupatana. Flavia hajapata kukaa na mtu kwa raha namna ile.

Leonadi alikuwa na desturi yake. Kila alipobadilisha kitu ndani ya mashine, aliandika pale pale maneno machache ya Kiswahili kwa ajili ya fundi atakayemfuata. "Wapagazi wa zamani walipokezana mizigo hapa hapa Tabora," alikuwa akisema. "Anayepokea lazima aambiwe ndani mna nini."

Yeye ndiye aliyefunga seva ya kituo kimoja cha afya kule Itetemia, ile kompyuta inayozihudumia nyingine zote. Kadi yake ya mtandao ilikuwa nzito kuamka. Basi kwenye mipangilio ya dreva, programu inayoiendesha kadi, akaweka mstari wa kuichelewesha kidogo, na juu yake akaandika: "Kadi hii ina aibu. Isubiri kidogo. L.N." Siku hiyo Flavia alicheka hadi akamwaga chai.

Leonadi alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka uliofuata radi ikaiunguza ile kadi, na Flavia akaweka mpya, ila mstari hakuugusa. Vitu vya marehemu havishikwishikwi ovyo. Wenyewe huvigawa siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo Flavia alipewa bisibisi. Mstari hakuna aliyeutaja, kwa hiyo ukabaki, na kila alipofungua faili lile aliusoma kwanza, kama mtu anayepiga hodi.

Jumamosi moja asubuhi akasasisha mfumo wa seva. Alipoiwasha tena, mtandao kimya. Majibu ya maabara hayakufika kwa daktari, na Minza wa maabara akawa anakatiza uwanja mbio, vikaratasi mkononi.

"Dada Flavia, leo kliniki ya wajawazito, wamejaa benchi zote! Miguu yangu si waya!"

"Nipe nusu saa, Minza."

Akabadilisha waya, wapi. Akazima na kuwasha, wapi. Ndipo akasoma kumbukumbu za mashine, na jibu lilikuwa wazi: dreva mpya haikubali tena agizo fulani la zamani, na ikilikuta inagoma kabisa. Agizo lenyewe ni mstari wa Leonadi, na ukiondoka, maneno yaliyo juu yake nayo hayana budi kuondoka.

Dawa aliijua: kiraka, faili fupi linaloiambia mashine toa hiki, weka hiki. Kazi ya dakika tano. Lakini robo saa nzima alikodolea kioo cha kompyuta macho, mama wa watoto watatu, ameshindwa kufuta maneno sita! Nje Minza alipita tena anahema. Flavia akaona haya, akachukua simu, akatoka nje, akampigia Rosalia, mjane wa Leonadi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekukauka?"

Akamweleza yote. Rosalia akacheka.

"Baiskeli yake ilikwenda Ulyankulu kwa mpwa wake Prosperi. Koti analo shemeji yangu. Hata kitanda nimekigawa, Flavia. Kumbe kuna mtu bado amekaa matanga?"

Machozi yakamtoka Flavia, na hakuyafuta.

"Futa, mwanangu. Wagonjwa wangoje kwa ajili ya maneno ya marehemu? Angekuchapa kwa hiyo bisibisi."

Akarudi ndani akaandika kiraka. Sasa, kiraka nacho kina desturi yake: mstari unaotolewa haufichwi. Huandikwa mzima, na alama ya kutoa mbele yake, ili mashine ijue kinachoondoka. Flavia alilijua hilo miaka mingi, lakini siku hiyo ndipo alipoliona. Maneno ya Leonadi yalikuwa pale pale, hata herufi moja haikupungua, na chini yake, kwa alama ya kujumlisha, akaongeza yake: "Kadi hii haina aibu. Usiisubiri. F."

Mtandao ukarudi. Minza akapiga kigelegele hadi mama mmoja akadhani kuna aliyejifungua. Flavia alingoja majibu ya mgonjwa wa mwisho yafike kwa daktari, kisha akachapa kile kiraka kwenye karatasi moja na kwenda nayo Mtendeni.

Rosalia hajui dreva wala seva. Aliweka kidole chini ya maneno na kuyasoma polepole kwa sauti, na alipofika mwisho akarudisha kidole kwenye maneno ya Leonadi.

"Ndivyo alivyowaambia wajomba zangu," akasema, "siku aliyokuja kuniposa, nami nimejificha jikoni. Binti ana aibu. Tumsubiri kidogo."

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.