Gari Lenye Mapazia

Mjukuu wangu amekodi gari la kulala ndani. Alilileta hapa kwangu Njoro Jumamosi, akaliegesha karibu na zizi la ng'ombe, akaja kunivuta mkono nikiwa bado na mwiko.

"Shosho, kuja uone! Iko na kitanda, iko na jiko, hata sinki. Tunapanda nayo Mau, tunalala huko juu kwa baridi, asubuhi tunaona mawingu yakiwa chini yetu. Ingia basi."

Sikuingia. Niliangalia vipazia vyake vya maua, nikauchomoa mkono wangu, nikarudi jikoni kukoroga uji wangu. Nilimsikia akiwaambia wenzake aliokuja nao kwamba nimezeeka vibaya.

Na aseme. Wewe, rafiki yangu, unanijua: hasira hii haikuja na uzee. Niliipata nikiwa mtoto, katika miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, nikiwa nimekaa ndani ya gari kama hilo hilo.

Lilikuwa la bwana wa shamba alikofanya kazi mama yangu. Mama alikuwa yaya. Gari lenyewe lilikuwa lori kuukuu ambalo Kalasinga mmoja wa Nakuru alilijengea nyumba ya mbao mgongoni, yenye vitanda vya kukunja, jiko la mafuta ya taa na vikombe vilivyoning'inia kwenye misumari na kugongana njia nzima. Kati ya nyumba hiyo na viti vya mbele palikuwa na kidirisha cha kuitia chai. Mapazia alishona mama kwa mkono, na memsahibu akawaambia wageni wake kwamba ameyashona yeye.

Kila likizo walipanda nalo milimani kula hewa, utadhani ya shambani ilikuwa imeisha. Mama alichukuliwa ili amlee mtoto wao, nami nikachukuliwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Mahali pangu palikuwa sakafuni, karibu na kapu la mkate. Wao walikula nyama ya nguruwe ya kukaanga, sisi tukala maganda ya mkate yaliyopakwa mafuta yake.

Nchi ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Pareto ilikuwa imechanua nyeupe mpaka msituni, ukungu ukishuka, na ukikaribia Elburgon hewa yote ilinukia mtarakwa uliotoka kupasuliwa. Lakini uzuri huo haukuwa wetu. Sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka shamba moja kwenda jingine bila karatasi ya ruhusa, na mama alikuwa ameiomba akafukuzwa kama mbwa. Gari la Mzungu tu ndilo lililopita kila kizuizi askari wakipiga saluti.

Ndiyo maana mama aliitaka sana safari hiyo. Nyanya yangu, aliyemzaa yeye, aliishi kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao nje kidogo ya Elburgon. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba watu wote wa laini watapakiwa kwenye malori na kurudishwa "kwao", ng'ambo ya milima ya Nyandarua, ambako nyanya aliondoka akiwa kigoli na hakumjua mtu. Mama alinunua blanketi jekundu la kumpa. Akamwomba memsahibu wasimame, amsalimie mama yake tu, basi.

"Ndio, ndio," memsahibu alisema. "Sisi tasimama."

Kwa hiyo mama akamtumia nyanya ujumbe kwa dereva wa lori la mbao: akae kando ya barabara karibu na lango la kiwanda, gari la Mzungu litasimama mbele yake.

Basi tulipoanza kuona moshi wa kiwanda, mama alijifunga kitambaa upya, akaweka blanketi mapajani. Mtoto wa Kizungu alikuwa amelala. Mama ndiye aliyemlaza. Hapakuwa na yaya aliyejua kulaza watoto kama mama, na mpaka leo natamani asingejua. Akabisha kidirishani polepole.

Memsahibu aligeuka, kidole mdomoni. "Sh! Mtoto nalala. Kama sisi nasimama, yeye taamka. Tasimama siku ya kurudi."

Bwana hakupunguza hata mwendo. Nilivuta pazia nikamwona nyanya, amesimama palepale alipoambiwa, na kiondo chenye irio iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Unakumbuka vumbi la barabara zile. Gari likija, mwenye chakula mkononi alifanya nini? Aliligeuzia mgongo na kukifunika chakula. Nyanya alikuwa akingoja gari litakalosimama, na letu halikuwa likisimama. Akatugeuzia mgongo, akainamia kiondo, akakifunika kwa shuka lake vumbi lisiingie kwenye chakula chetu.

Nilifungua kinywa nimwite. Kiganja cha mama kikanifunga mdomo, kikinukia poda ya mtoto wa watu. Alinishika hivyo mpaka lango likapotea nyuma yetu. Nilimchukia memsahibu, nikamchukia bwana na mtoto wake, na kwa muda mrefu nilimchukia mama pia. Huyo nimemsamehe. Angefukuzwa kazi tungelala wapi?

Siku ya kurudi walisimama. Ahadi ilitimizwa, unaona! Laini ilikuwa tupu, milango iko wazi, majivu ya mafiga yamepoa, kuku mmoja akiparua mahali pa nyanya pa kuanikia mahindi. Mama alizunguka kila kibanda na blanketi lake mkononi. Memsahibu alishuka na kamera, akaupiga picha msitu.

"Maskini," alisema. "Lakini hapa mzuri sana." Kisha akaomba chai, na mama akaipika.

Nyanya alifia huko walikompeleka. Blanketi nililalia mimi mpaka nilipoolewa.

Siku hizi kiwanda kimefungwa, mitarakwa imekwisha, barabara ni lami na vumbi halipo tena. Hata hivyo nikisimama barabarani gari likapita, siligeuzii mgongo hata siku moja. Naangalia kila dirisha. Watu hapa hunicheka, wanasema mzee huyu anapenda umbea.

Jioni ya Jumamosi ile nilimpelekea mjukuu chupa ya chai pale zizini, nikamwambia anaweza kwenda Mau, lakini hayo mapazia ayatoe. Akacheka, akauliza kwa nini. Nikayang'oa mwenyewe.