Handaki Lisilopasuka

Alikuwa mwashi, na mtaani walimwita Fundi Handaki, kwa kuwa tangu vita vianze hakujenga tena kitu kilichosimama juu ya ardhi. Alichimba chini ya nyumba za watu, akasuka nondo, akamwaga zege, akapitisha bomba la hewa, kisha akafunga mlango wa chuma uliokuwa fahari yake. Kazi ikiisha aliwasha kiberiti kizingitini. Mwali usipotikisika, alitabasamu na kukusanya zana zake.

"Hapa hata uvumi hauingii," alisema, na wenyeji wakamwombea dua.

Handaki la kwanza alimjengea shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Kila malori ya kuhamisha watu yalipopita, bibi huyo aliyapungia mkono tu.

Asubuhi moja Fundi aliitwa mtaa wa pili akate mlango wa handaki alilolijenga mwenyewe, uliokuwa umekwama. Alipoingia, kuta zilikuwa nzima, hazina ufa hata wa kupitisha wembe. Watu walikuwa kwenye benchi alilowatengenezea, wameegemeana, nyuso zina masizi lakini hazina jeraha. Hakuna aliyekuwa hai.

"Daktari," alimuuliza tabibu aliyefuatana naye, "mbona ukuta umesimama?"

"Silaha iliyowaua haigombani na ukuta, fundi. Inatafuta mapafu."

Daktari akamweleza, kwa sauti ya chini, kama azungumzaye msibani. Ilianza kwa majaribio ya wahandisi zama za vita vikuu vya pili vya dunia. Baadaye ikashushwa misituni, ikafuata watu mapangoni milimani, na mwisho ikaingia mijini. Hutawanya kwanza wingu la mafuta au la unga wa madini. Wingu hilo hupenya kila tundu, ndipo huwashwa. Hewa yote hugeuka moto na kishindo, na kishindo kikiingia mahali palipozibwa hakina pa kutokea.

Fundi alilitazama bomba la hewa kwa muda mrefu. Kisha akachukua nyundo yake kubwa, akaenda kwa shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nyundo yote hiyo ya nini? Nimekuwa ukuta?"

"Lori la mwisho linaondoka mchana huu. Twende."

"Niliache handaki langu? Si wewe uliyeniapia?"

"Nimetoka kufungua jingine kama hili. Wote wamekwisha."

"Labda mlango wao ulikuwa mbovu."

"Mlango niliufunga mimi."

Bibi akavuta kanga yake mabegani. "Basi niache nife kwangu."

 Fundi aliteremka handakini, akavunja bawaba, kisha akaanza kuvunja ngazi kutoka chini kwenda juu. Zege lilimgomea, maana alilichanganya kwa mapenzi. Alipiga huku machozi yakimtiririka. Jirani alipiga kelele kwamba fundi kaingiwa na wazimu. Shangazi alimwita mpumbavu, mwana asiye na haya, mvunja nyumba ya aliyemlea. Daraja la mwisho la ngazi lilipoanguka, handaki likawa shimo tu.

"Umenifukuza," alisema bibi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Sitakusamehe."

"Usinisamehe, mradi uwe hai."

Bibi akapanda lori, akampa mgongo safari nzima. Huko walikofikia, kila alfajiri alimwomba Mola amlinde mwanawe, lakini mwana mwenyewe hakumsemesha neno. Fundi akarudi kujenga juu ya ardhi. Alimjengea chumba chenye madirisha mapana pande mbili, akamkabidhi ufunguo, akasimama kando.

Bibi alitoa kiberiti kwenye pindo la kanga, akakiwasha kizingitini. Upepo ukauzima mwali papo hapo.

"Kazi mbovu," alisema, na akaingia ndani.