Muguu ya Ine mu Jiko Yangu

Badibanga, bwana ya mutoto wangu Kabedi, alitumikaka ku biro ya bainginieri hapa Kolwezi, wakati ya Zaïre. Mutu ya kimya, suruali safi. Kwetu Kasai mukwe haingiake mu jiko ya mama-mukwe, wala kumuangalia ku macho. Badibanga aliheshimu ile. Akinisalimia mi, anasalimia mulango.

Nyumba yetu ya Musonoi ilikuwa chini ya tanki kubwa ya mayi, ya chuma, miguu ine. Moja ilisimama mu jiko yangu, kwa sababu mi njo nilijenga jiko pale, na hakuna mutu alinikataza akashinda.

Siku moja inchi ikatetemeka, sahani zikalia. Kampuni ikamutuma Badibanga: pima tanki, uliza ordinateur, ile mashini ya hesabu, kama itasimama inchi ikitetemeka kwa nguvu. Akapima, akatia hesabu mu mashini. Mashini ikajibu: kichwa ya tanki itasogea karibu metre moja.

Alikuya mbio. "Kabedi, ambia mama, mutoke bote! Ikianguka, ni juu ya mutoto."

Kabedi akabeba Ngalula, mutoto wao muchanga, akaenda kulala ku paroisse, kwa bapadri, mu mvua.

"Ambia mukwe," nilimuambia Kabedi akitoka, "mi sitoki mu nyumba yangu sababu ya mashini."

Lakini woga niliisikia. Mayi ilikuwa inapigapiga chuma pa kichwa yangu. Bakilipua dinamiti ku machimbo ya Mashamba, nashika meza.

Ku biro, Badibanga aliangalia tena uzito ya mayi, unene ya chuma, kama hakuchanganya kilo na tani. Jibu ni ile ile.

"Tanki yako inacheza rumba, citoyen?" mukubwa wake Mwenze akamuuliza.

Njo akaambia mashini imuchoree tanki vile inasogea. Miguu tatu ilishikama chini. Ya ine ilikuwa inatembea. Badibanga akakumbuka: ni ile ya mu jiko yangu! Wakati ya kupima hakuingia kuiona, mu hesabu akaacha nafasi yake wazi, na mashini ikahesabu kama hakuna kitu kinaishika.

"Tuma mutu mwingine aangalie," Kabedi akamuambia kule ku paroisse.

"Hapana. Kama kweli haishikwe? Miaka yote mama anapika pale, moshi, mayi ya chumvi, vyote vinakula chuma. Juu ya mutoto wangu siamini macho ya mwingine."

Akasimama ku mulango ya jiko. "Kabedi, niombee mama niingie."

"Aingie," nilisema. "Mi nitageuka."

Nikaangalia ukuta, kitambaa ku kichwa. Nikasikia anasogeza masufuria, anakwangura masizi, anapiga nyundo.

"Kabedi, ambia mama: bulon zote zenye zinashika muguu chini ziko. Zimekaza."

"Nani alisema haziko?" nikajibu ule ukuta.

Hesabu mupya ilitoa santimetre mbili tu. Kabedi akarudisha Ngalula mu nyumba, akamulalisha pa kitanda yangu. Badibanga akarudi kusalimia mulango. Masufuria yangu alizipanga vibaya. Niliziacha vile.