Jina lililopitishiwa kamba kwenye bâche ya kilio

Wakuu, poleni na kazi. Niko Uvira, na haya niliyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Nina kaduka ka kuchapa vitu vikubwa: bâche, yale mabango ya turubai la plastiki, stika za magari, na kuplastifier picha.

Kazi yenyewe si nzito. Kinachochosha ni kueleza. Mtu analeta kapicha ka WhatsApp anataka kajae ukuta. Unamwambia résolution ni ndogo, uso utatoka mabakamabaka. Anakujibu, "Weye vuta tu." Mwingine anataka bâche iplastifiwe isilowe, wakati bâche yenyewe ni plastiki!

Nimeeleza mpaka mate yamekauka.

Basi majuzi akaja papa mmoja wa mtaa wa Songo. Kaka yake amefariki, wanataka bâche ya kilio: picha ya marehemu katikati, chini majina ya watoto wote.

Nikamwambia, "Papa, jina la mwisho linaingia mu fonds perdu. Tupunguze maandishi."

"Ndiyo, ndiyo. Weka yote, usibakishe nafasi ya bure."

Huku kwetu ukiacha jina la mtoto kwenye bâche, ni kama umemtoa kwenye ukoo. Ndiyo maana familia hujaza mpaka ukingoni.

Nikachapa. Nikakunja pindo, nikapiga œillets, zile pete za kupitishia kamba. Akaichukua, akashukuru.

Siku ya mazishi nilikwenda kutoa pole. Mbele ya bâche alikuwa amesimama mwanamke aliyeshuka asubuhi hiyo kutoka Lemera. Ni Sifa, mtoto wa kwanza wa marehemu, ila wa mama mwingine. Jina lake ndilo liliwekwa la mwisho. Nusu imekunjwa ndani ya pindo, nusu iliyobaki ina tundu na kamba imepita humo.

"Minye nilijua hawanitake," alisema. Hakulia.

Nikamsogelea haraka. "Dada, si wao. Ni fonds perdu."

"Fonds perdu njo nini?"

Ni ile sehemu ya pembeni inayokatwa au kukunjwa, kwa hiyo haiwekwi kitu cha maana. Nikamwambia hivyo hivyo, sikuwa na maneno mengine.

Akaniangalia. "Na nani aliniweka pale?"

Nikamgeukia baba yake mdogo, yule yule papa wa Songo. Nikamwambia nakwenda kuchapa nyingine sasa hivi, bure.

Akajibu bila kumtazama Sifa: "Acha, patron. Iko muzuri vile iko."

Sifa alimzika baba yake akiwa amesimama nyuma kabisa, pamoja na sisi majirani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilichojifunza ni kwamba neno la kazi halimsaidii mteja. Atakuitikia tu ili mmalizane. Siku hizi natoa kwanza nakala ya karatasi, nachora mstari mwekundu ndani kidogo ya ukingo wake, namwambia: "Aliye nje ya mstari huu atapotea. Tumuingize?"

Wengi wanashtuka, wanasema muingize haraka.

Wachache wanaangalia lile jina, halafu wanasema chapa tu.

Wenzangu wenye mashine, na hata msio nazo, huyo wa aina ya pili mnamfanyaje? Semeni hapa chini, mimi nimechoka kuwaza peke yangu.